Treni Bado Iko Mlimba

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeingia hadi darasani. Vioo viwili vya dirisha vilikuwa vimevunjika, tukaviziba kwa boksi, na wanafunzi 83 wa darasa la nne walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta yao. Ilikuwa Machi 2022, Makambako. Nikamwita mvulana wa dawati la tano asome sentensi ubaoni.

Akasimama. Alikuwa na miaka 13, mrefu kuliko wote, sweta lake la mtumba likimpwaya mabegani. Akanyoosha kidole hewani kana kwamba anagusa neno la kwanza. "Ma..." Kimya. "Ma... ma..." Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Tulieni jamani, treni bado iko Mlimba!"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Asiyezijua sehemu zetu hataona utamu wa utani ule. Mlimba iko chini, bonde la Kilombero. Kutoka huko reli hupanda mpaka kwetu kwa madaraja na mahandaki, mlima juu ya mlima, na treni ya mizigo huja polepole kwa sababu imebeba mzigo na njia ni ya kupanda. Watoto wa Makambako wamekua wakiisikia. Kwa hiyo aliyesema vile hakuwa mpumbavu. Alikuwa ameona sawasawa kwamba mwenzake ni mzito na ana safari ndefu. Kicheko changu hakikuzidi sekunde mbili, lakini kilitosha kuwa muhuri wa ofisi. Kufikia mapumziko yule mvulana hakuwa tena na jina lake la daftari la mahudhurio. Alikuwa Treni.

Nilianza kumwangalia. Dawati letu ni la watoto watatu, na tulivyobanana baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, mengine yalikaliwa na wanne. La kwake lilikaliwa na wawili tu. Na huyo mwenzake alikuwa na desturi: akifika asubuhi anaweka begi lake katikati ya benchi, kama ukuta. Sikumwona akimtukana wala kumpiga. Ni begi tu, kila siku, mahali palepale.

Nimesomea elimu maalumu Patandi, Arusha, kwa hiyo nilikuwa na dhana ya kilichokuwa kikimsumbua. Shule yetu haikuwa na kitengo cha elimu maalumu, wala mtoto hakuwa na karatasi ya daktari. Kwenye fomu tunaandika "mwenye ulemavu wa akili" au "mwenye ugumu wa kujifunza". Uwanjani fomu hazisomwi. Huko kuna kilaza, zoba na mzito. Nimegundua jambo kwa miaka ya kazi hii: mtoto wa kiti cha magurudumu wenzake hugombea kumsukuma, angalau wiki ya kwanza, kwa sababu wanaona miguu. Huyu ambaye herufi zinamteleza hakionekani kilichovunjika. Anakimbia vizuri, anakula vizuri, anacheka vizuri. Basi hukumu inakuwa nyepesi: anajifanya, ni mvivu, kwao hawamfundishi.

Nikaenda kwao. Alilelewa na bibi yake, ambaye alikuwa akiuza viazi na mahindi ya kuchemsha barabara kuu, pale mabasi yanaposimama.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kukusalimia."

Hakuniamini, na alikuwa na haki. Mwalimu huja kwa kesi. Akanipa kigoda, akamenya kiazi cha moto kwa vidole bila kuungua, akaninyooshea. Ndipo akasema: "Huyu si mjinga. Anachelewa. Ukimtuma kitu kimoja anarudi nacho. Ukimtuma vitatu anarudi analia."

Nimesoma taarifa nyingi za upimaji zenye mihuri. Hakuna iliyowahi kuniambia mengi kama sentensi zile. Kuanzia siku ile sikumpa maagizo matatu kwa pamoja.

Lakini la wenzake sikulijua, nikalivamia kichwakichwa. Jumatatu, nikiwa mwalimu wa zamu, nikasimama mbele ya paredi nikatoa hotuba. Sikumtaja jina, ila kila mtu aligeuka kumtazama. Nikasema kuna wenzetu wana matatizo, tuwapende, tuwasaidie, tusiwacheke. Nilijisikia vizuri sana.

Hotuba ilifanya kazi, na hilo ndilo lilikuwa balaa. Watoto wakamletea pipi. Wakambebea madaftari. Msichana mmoja akawa anamwandikia kazi zake zote, kwa mwandiko mzuri, nami nikampa tiki bila kustuka. Uwanjani, ambako zamani alikuwa beki wa kawaida tu, sasa walimwambia, "Treni, wewe pumzika." Hakuna aliyempasia mpira. Hakuna aliyegombana naye. Wiki ya tatu hakuja shule siku mbili. Nikaenda tena kwa bibi.

"Anasema anaumwa," bibi akaniambia. "Nikamuuliza, unaumwa nini? Akasema hajui, mwalimu ndiye anayejua."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa bodaboda zilikuwapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimemfanya mtoto wa mtaa uleule, aliyezaliwa pale, kuwa mgeni wa darasa zima, na wiki tatu zimepita hajaonyeshwa jembe.

Jembe gani, sasa? Walimu tuna majibu ya haraka: afute ubao, agonge kengele, abebe chaki. Nilijaribu. Watoto si wajinga, wanajua huo ni mpini bila jembe. Ubao ungefutwa hata asipokuwapo.

Nikafungua madaftari yangu ya chuo. Kulikuwa na Jacob Moreno, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiwauliza watoto jambo dogo tu: ungependa kukaa na nani? Majibu yakichorwa kwa mishale, unaona darasa ambalo mwalimu halioni. Kulikuwa na Gordon Allport, aliyeandika mwaka 1954 kwamba watu kukaa pamoja peke yake hakuondoi chuki. Inatakiwa wawe na hadhi sawa, lengo moja, wategemeane, na mkubwa wa mahali aunge mkono. Nilipokuwa chuoni niliyakariri kwa ajili ya mtihani. Sasa niliyasoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Hadhi sawa: sikuwapa. Mkubwa kuunga mkono: nilicheka.

Nikagawa vikaratasi. Kila mmoja aandike majina matatu ya watu ambao angependa kukaa nao. Nikawaahidi sitawasomea, na sikuwasomea. Nilikaa na vile vikaratasi usiku, jiko la mkaa miguuni, nikipiga vijiti kwenye daftari. Watoto sita hawakutajwa na yeyote. Mmoja wao alikuwa Treni. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni hao watano wengine, wakiwamo wawili niliodhani wana marafiki tele. Na msichana aliyekuwa akimwandikia Treni kazi hakumtaja. Huruma alikuwa nayo, kukaa naye hakutaka.

Njia niliyoichukua haikuwa yangu. Mwaka 1971, mjini Austin, Texas, watoto Weusi, Weupe na wenye asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa kwenye madarasa ya pamoja kwa amri, na ugomvi ukawa wa kila siku. Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu wakaligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kundi akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana. Usipomsikiliza mwenzako unafeli. Nikajiambia, kama iliweza kusogeza rangi kwa rangi Texas, itashindwaje kusogeza begi Makambako?

Ilishindwa, mara ya kwanza. Nilipanga makundi 14, kumi na matatu ya watu sita na moja la watano. Somo lilikuwa kilimo cha viazi: kuandaa shamba, mbegu, nafasi ya kupandia, kupalilia na kuinulia udongo, magonjwa, kuvuna. Treni nikampa mbegu na nafasi ya kupandia, vyote viwili, kwa sababu lake ndilo kundi la watano na kwa sababu nilimjua bibi yake. Wenye kipande kimoja walikutana kwanza, mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, kisha kila mmoja akarudi kwenye kundi lake kufundisha. Kundi la Treni lilikuwa na kiranja, binti mwerevu mwenye haraka. Treni akaanza, "Mbegu..." Kiranja akamnyang'anya karatasi, akaisoma mwenyewe hadi mwisho. Somo likaisha. Treni akakunja mikono ndani ya sweta.

Wiki iliyofuata nilibadilisha kitu kimoja. Wakishakutana wenye kipande kimoja, nakusanya karatasi zote. Hakuna cha kunyang'anya. Mtihani wa alama kumi unakuja baada ya nusu saa.

Nilisimama nyuma, nikijifanya nasahihisha. Kiranja akauliza, kwa sauti ya mtu anayetoa amri: "Haya, shimo na shimo ni umbali gani?" Treni akanyamaza. Kiranja akakisia: "Mita moja?" Treni akatikisa kichwa. "Nusu mita?" Akatikisa tena. Yule wa begi akasema, "Si useme!" Treni akatoka kwenye benchi, akavua kiatu, akaweka unyayo sakafuni, mbele ya dole gumba akapanga vidole vinne vya mkono. "Hapa," akasema, "na hapa." Kiranja akaleta rula. Sentimita 29.

"Na mstari na mstari?"

"Hatua moja ya bibi."

"Bibi yako ana hatua ndefu kiasi gani?"

Treni akainama kidogo, akashika kiuno kwa mkono mmoja, na huo mwingine akaukunja kana kwamba ameshika jembe, akapiga hatua. Alikuwa bibi yake mtupu. Kundi likacheka hadi kundi la jirani likageuka, na yeye akacheka. Wakapima: 72. Kitabu kinasema 75 kwa 30. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza jambo ambalo halikuwapo hata kwenye karatasi yangu: "Kiazi kilichotoka kwenye gunia leo usikipande. Kilaze kwanza mahali penye mwanga mdogo. Kikitoa macho mafupi manene, ndipo."

Kiranja akaandika. Hilo nililiona kwa macho yangu: aliandika.

Kundi lao halikuongoza, lilipata alama saba. Lakini watoto wanne walipata alama mbili ambazo wasingezipata bila yeye, nao walijua hivyo.

Sitaki nionekane nauza dawa. Kuna masomo ambayo njia hii ilinigomea kabisa, hisabati hasa. Kuandaa vipande usiku, kwa watoto 83 wakati kiwango cha serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja, kulinichosha hadi nikawa nafanya mara moja kwa wiki, wiki nyingine hata mara moja hiyo haipo. Na si kila mtoto mzito ana bibi mkulima. Wengine nimetafuta muhula mzima kujua jembe lao ni lipi: mmoja alikuwa na sikio la nyimbo, mwingine alijua namba za magari yote ya mtaani. Mmoja sikumpata hadi alipohama.

Lakini jambo fulani lililegea. Begi lilihama kutoka katikati ya benchi likaenda chini ya dawati, siku sikuiona. Uwanjani wakaanza kumlaumu kwa magoli, jambo lililonifurahisha kuliko pipi zote. Na siku moja nilipomwita asome, akasimama, akatazama neno, akanigeukia: "Mwalimu, bado niko Mlimba." Darasa likacheka. Nami nikacheka kwa mara ya pili, safari hii yeye akiwa ndiye mwenye mzaha. Akasoma maneno matatu, akakaa.

Alikuja mzazi mmoja, mama wa mtoto wa dawati lile, amejifunga kitenge vizuri, na heshima zote. "Mwalimu, mimi sina ubaya na mtoto wa mtu. Ila mwanangu ataiga uzito." Nikamwambia, "Mama, uzito hauambukizi." Akasema, "Na akili je, inaambukiza? Maana nyie mnasema wakikaa pamoja wa nyuma anapanda. Kama wa nyuma anapanda, wa mbele hashuki?" Swali zuri, na sikuwa na jibu la kitabu. Nilimwonyesha daftari la mwanawe la kabla na la sasa. Anayemweleza mwenzake lazima aelewe kwanza. Aliondoka hajaridhika sana, ila hakumhamisha.

Tulichoshindwa kukiondoa ni ukuta wa ofisi. Kila baada ya mtihani tulibandika majina kuanzia wa kwanza hadi wa 83. Mtoto wa miaka tisa asiyejua neno ulemavu anajua vizuri sana nani yuko mstari wa mwisho. Nilipinga kwenye kikao, nikaambiwa wazazi wanapenda. Nilikuwa nafunga mizigo ya kuhamia Njombe mjini, Januari 2023, redio ikatangaza kwamba Baraza la Mitihani halitataja tena shule bora na watahiniwa bora. Nikakaa juu ya sanduku nikisikiliza.

Njombe ni kilomita 60 hivi kutoka Makambako, na baridi yake ni ya aina nyingine, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Shule niliyopangiwa ina kitengo. Kina chumba chake, mwalimu wake na sufuria yake ya uji. Kwa kazi ya kumfundisha mtoto kufunga vifungo, kunawa, kuhesabu hadi kumi, kitengo ni msaada mkubwa, sitadanganya. Nchi yetu iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na vyote vinamtaka mtoto huyu asome na wenzake. Ila wa kitengo walikuwa wakienda mapumziko kengele yao ikiwa imetangulia, na wenzao walipotoka wao walikuwa wanarudi ndani. Shule moja, mapumziko mawili. Tulianza kwa kuunganisha kengele.

Wasichana wa darasa la tano hucheza rede karibu na ukuta wa choo, kwenye mchanga. Wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja yuko kati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Akipigwa anatoka. Binti mmoja wa kitengo, wa miaka 12 hivi, alikuwa akisimama pembeni kila siku akitazama, mdomo wazi. Siku moja mpira ukamfikia miguuni. Akauokota akaurusha. Ulikwenda kama jiwe la manati, ukampiga wa kati mgongoni. "Heee!" wakasema. Wakamchukua awe mrushaji.

Kwa siku kadhaa alirusha tu. Kukwepa na kujaza chupa kwa pamoja kulikuwa mambo mawili, na yeye, kama Treni, alikuwa mtu wa jambo moja. Kisha msichana mmoja mkorofi, wa wale ambao walimu hatuwapendi sana, akagoma: "Siyo haki! Yeye anatupiga kila siku, naye aingie kati!" Akaingia. Mpira wa kwanza ukampata bega. "Toka!" wakapiga kelele. Hakutoka. "Ukipigwa unatoka, ndiyo rede!" Akaanza kulia, chupa mkononi.

Nilishapiga hatua mbili kwenda kumwokoa. Mwalimu wa kitengo, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, akanishika mkono wa sweta. "Muache," akasema. "Anatolewa kama wenzake." Binti akalia hadi akachoka, akaweka chupa chini, akatoka, akasimama pembeni akisubiri zamu yake. Na zamu yake ikafika.

Kuna karatasi ya Makambako sijaisema. Novemba 2022, kabla ya kufunga shule, nilirudia lile swali la nani ungependa kukaa naye. Treni alitajwa na wanne. Si wengi, ila kiranja alikuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe, kwa kuwa kuandika majina matatu ni safari, nilimwita pembeni anitajie. Akataja wawili wa kundi lake na kipa wa timu.

Muhula huo wa pili tulikuwa tumempokea msichana mgeni kutoka Wanging'ombe. Hakuwa akisema sana, na herufi zilikuwa zikimteleza kuliko hata yeye. Nikamuuliza Treni, kwa upole niliodhani ni ujanja, "Na yule mgeni je? Usingependa kukaa naye?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Yule, mwalimu? Yule ni mzito."

Jumatatu nilimpangia yule msichana dawati la Treni. Alipokuja kukaa, Treni akasogea hadi ukingoni mwa benchi, akainama, akachukua begi lililokuwa chini, akaliweka katikati.